Mnufaika wa Kwanza

Mimi ni mtu wa kusoma. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na nilipostaafu sikukaa kitako. Nilianzisha asasi ya kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, nikajipa cheo cha mkurugenzi, cha mhasibu na cha mfagiaji. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba sioni vizuri, nina haki ya kumnunia.

Aliyeniambia alikuwa mdogo wangu wa kiume, tena mbele za watu, siku ya sherehe yangu ya kuagwa. Nilikuwa nasoma risala yangu, nikakwama kidogo. Kidogo tu. Yeye akainuka, akavua miwani yake na kunikabidhi mbele ya mwalimu mkuu na keki. Nikamrudishia, nikaimalizia risala kwa kubuni, watu wakapiga makofi, na tangu siku hiyo nikaapa mguu wangu hautakanyaga chumba chake cha kazi.

Kiapo hicho kilinipa taabu, maana chumba chake na changu ni ukumbi mmoja uliogawanywa kwa mbao nyembamba. Upande wake kuna asasi ya kupima macho na kuwapa miwani wasio na uwezo. Alikuwa msaidizi kwenye kliniki ya macho, na watu wanamwita Daktari, naye hawakatazi. Wateja wake wengi hawajui herufi, basi anawapa kadi ya kushika mkononi yenye alama za meno matatu kama chanuo, nao wanataja meno yanaelekea wapi. Kutwa nzima nilisikia kupitia mbao: juu, chini, kulia, kulia, kushoto. Niliisikia mpaka nikawa naiimba nikifagia.

Watu walituuliza kwa nini ndugu wawili tunaokaa ukumbi mmoja hatufanyi kazi pamoja. Nilijibu kwamba kazi zetu hazihusiani. Nililisema hilo kwa uso mkavu, mimi mwenye darasa la watu wenye wajukuu, ambao nusu yao walishika kitabu kwa mkono ulionyooka kana kwamba wanampa mtu mwingine.

Aliyenitesa kuliko wote darasani alikuwa mama mkwe wangu. Nyumbani ananiita mwanangu. Darasani ananiita mwalimu, kwa adabu ambayo sikuwahi kuiamini. Nikiandika ubaoni, anasoma bila tatizo. Nikimpa kitabu, anaganda. Ukurasa wa ng'ombe ulimshinda msimu mzima. Akiona picha ya ng'ombe anasema "maziwa", akiona neno refu anasema "Mungu ni mwema". Nikakata kauli kwamba ni ujeuri, kwamba mama hataki kufundishwa na mkamwana.

"Usibahatishe, mama," nilimwambia kila siku. "Soma kilichoandikwa."

"Ndiyo, mwalimu," alinijibu, kisha akabahatisha tena.

Mambo yangekwenda hivyo mpaka kiama, ila mwenye ukumbi alikuja akatuambia kwamba amepata mtu wa kuuza vigae. Tukishindwa kulipa pango la mwaka mzima kwa mkupuo, darasa langu litakuwa ghala la vigae vya choo. Mimi pango nilikuwa nalilipa kwa michango ya marafiki, na marafiki walikuwa wameanza kunikwepa njiani.

Tumaini pekee lilikuwa mfuko wa jamii, ule ambao wafanyabiashara na watu wenye nafasi hapa mjini huchangia ili usaidie asasi ndogo kama zetu. Kila mwaka niliomba, na kila mwaka walinishukuru kwa kuomba. Safari hii tangazo lilikuja na sharti jipya: asasi itakayoomba peke yake andiko lake halitasomwa. Walitaka zije mbili au zaidi, zenye mradi mmoja, zilizozoea kufanya kazi kwa ushirikiano.

Nilihangaika kutafuta wa kushirikiana naye. Wa jiko la yatima alikuwa ameshaungana na wa bustani. Wa bustani aliniambia ananiheshimu sana, ndiyo maana anaomba asifanye kazi na mimi. Vijana wa kupanda miti walikumbuka mkutano ambao niliwasahihishia lugha kutoka salamu mpaka dua. Maji yaliponifika shingoni, nikagonga mbao.

"Nani?" akauliza mdogo wangu kutoka upande wa pili.

"Unajua ni nani."

"Mlango uko wazi, dada."

"Njoo wewe."

Akaja. Mradi tuliubuni kwa muda wa kunywa chai. Kwa kuwa yeye ana miwani na mimi nina wanafunzi, tukaandika kwamba tutawapima macho wanafunzi wangu na kuwapa miwani ili wasome. Nakumbuka nilicheka. Niliuona ni uongo mzuri, mwepesi kukumbuka. Nilitamka, yeye akachapa kwenye kompyuta yake, halafu akanisomea andiko zima huku mimi nikitikisa kichwa na kuifuata karatasi kwa macho. Ukweli ni kwamba niliona mistari ya kijivu tu. Nikatia saini pale alipoweka kidole.

Mfuko ukajibu kwamba andiko limewavutia na kwamba watakuja kutuona kazini kabla ya kuamua. Ikabidi uongo wetu ufanyiwe kazi. Mdogo wangu akaja darasani na sanduku lake, akampima kila mtu kwenye kiti chake na kumpa miwani yake. Alipofika kwangu nikamwambia nina kazi.

Wiki ile darasa lilichangamka ajabu. Watu walisoma mabango ya dawa, walisoma maandishi ya chini ya kalenda, walisoma onyo kwenye kiberiti. Mama mkwe aliuvuka ukurasa wa ng'ombe, akaingia wa mbuzi, na hakusema maziwa popote. Mimi nikajipongeza. Nilimwambia mume wangu kwamba njia yangu ya kufundisha inaanza kuzaa matunda, na kwamba mama yake ameona aibu ya wageni, akaacha ujeuri. Mume wangu akaomba chumvi.

Siku ya ugeni nilivaa gauni langu la kuagwa. Aliyekuja alikuwa mama mmoja mfupi, mpole wa sauti, aliyetembea na faili kifuani. Tuligawa nakala za andiko kwa kila mtu ili wote waonekane washirika. Mdogo wangu alisimama mlangoni, mikono nyuma. Mgeni alilipenda darasa, nililiona hilo, nikaanza kuhesabu vigae vilivyotukosa.

"Mwalimu," akasema, "tusomee kidogo pale kwenye wanufaika, na wenzetu wasikie."

Nikasimama, nikanyoosha mkono wenye karatasi mpaka bega likauma. Mistari ya kijivu. Lakini nilikuwa nimeyashika maneno yangu kichwani, nikayamwaga.

"Wanufaika wa mradi huu ni watu wazima wote waliokosa nafasi ya kusoma utotoni, chini ya uongozi madhubuti wa darasa letu, likisaidiwa kwa kiasi fulani na jirani yetu wa miwani."

Mgeni akaitazama nakala yake, akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Samahani, mwalimu," akasema mama mkwe. "Hapa hapajaandikwa hivyo."

"Mama, fuata kwa kidole."

"Ninafuata."

"Basi soma wewe tusikie," nikasema. Namjua mama. Nilijua ataganda, nami nitapata pa kutokea.

Akaipandisha miwani puani na kuinama.

"Mnu-fa-i-ka wa kwa-nza..."

"Vizuri. Endelea."

"...ni mwa-li-mu..."

"Usibahatishe, mama. Soma kilichoandikwa."

"...ni mwa-li-mu wa da-ra-sa hi-li, a-mba-ye ha-o-ni ka-ri-bu, na ha-ta-ki ku-a-mbi-wa."

"Vizuri sana," nikasema, kwa mazoea, kabla maneno hayajanifikia.

Yaliponifikia, masikio yalinichemka. Darasa zima lilikuwa linanitazama. Nililijua lile jicho. Ndilo nililowatazamia wao kila siku walipokwama, jicho la kumsubiri mtu kwa huruma huku umeshamkatia tamaa. Hakuna jicho baya kama hilo, na nilikuwa nalo kwa miaka bila kujua linauma hivi.

"Nani aliandika mstari huu?" akauliza mgeni.

"Mimi," akasema mdogo wangu. "Nilimsomea yote isipokuwa huo. Ningemsomea angechana karatasi. Na kusema kweli, mgeni wetu, nilitaka aone mwenyewe. Nilisubiri aniite anitukane. Hakuniita."

Nilitamani kumtukana palepale, lakini ningemtukana kwa kosa gani? La kuandika mstari niliousaini mwenyewe?

Mgeni alifunga faili. "Nimezunguka asasi nyingi," akasema. "Kila mahali wananiambia wanashirikiana vizuri. Nyinyi mmeandika kwamba huyu ndiye wa kwanza. Ameshapimwa?"

"Bado," akasema mdogo wangu.

"Basi twendeni nione anavyopimwa."

Wakanisubiri. Niliziangalia zile mbao, nikaona rafu za vigae. Nikamwona mama mkwe ameshika karatasi yake kwa mikono miwili, karibu kabisa na kifua, kama watu wanavyoshika karatasi wanapoiona. Nikameza kiapo changu, nikatoka mlangoni kwangu na kuingia mlangoni kwa mdogo wangu, darasa zima likinifuata.

Akanikalisha, akanipa kadi. Nikaishika, nikaona ukungu wenye vidoadoa, na hapo, Mungu anisamehe, kiburi changu kikaona upenyo wa mwisho. Kadi ile niliijua. Nilikuwa naiimba nikifagia.

"Juu," nikasema kwa sauti ya risala. "Chini. Kulia. Kulia. Kushoto." Nikaenda mstari kwa mstari mpaka chini kabisa, wala sikuvuta pumzi, nikamrudishia kadi na kumtazama mgeni.

Mdogo wangu aliitazama kadi, kisha akanitazama kwa upole nisioustahili.

"Dada," akasema, "hiyo uliyoisoma iko upande wa pili wa kadi."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali. Mama mkwe ndiye aliyesogea, akaniwekea mkono begani, lile bega lililokuwa linauma.

"Usibahatishe, mwanangu," akasema. "Soma kilichoandikwa."

"Sioni, mama," nikasema. Nikamgeukia mdogo wangu nikarudia, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akisubiri kulisikia neno hilo. "Sioni."

Akanivalisha miwani mwenyewe. Kitu cha kwanza kukiona kilikuwa uso wake, karibu, umeinama juu ya kadi. Nyusi zimeingia mvi. Mdogo wangu amezeeka upande wa pili wa mbao na mimi nilikuwa namsikia tu. Nikalia, miwani ikaingia ukungu, ikabidi tuanze upya.

Barua ya mfuko ilipokuja niliisoma mbele ya madarasa yote mawili, langu na la mdogo wangu, kama tunavyojiita siku hizi, neno kwa neno, mkono umekunjwa kama wa watu wengine. Ilisema wametukubalia, na kwamba ripoti zote tuziandike pamoja. Mama mkwe alisimama nyuma yangu wakati wote, akifuata kwa kidole, kuhakikisha sibahatishi.