Jora la Merikani

Usingizi wa jana ulinifikisha Marekani, na kumbe Marekani ni jora la kitambaa.

Sikwenda kutalii. Mama yangu, Bi Kidawa, ni mtu mzima mwenye ulimi wa pilipili, na ameapa hazikwi na sanda ya nailoni. "Siwema, unataka nitoke jasho mpaka kiama? Nitafutie merikani, ile ya pamba tupu." Mimi ni fundi cherehani hapa Kilosa. Nimezunguka maduka yote mpaka soli zimelika, na merikani ya kweli hakuna. Nimechoka. Hata ndotoni nilikuwa nimechoka.

Jora lilikuwa limelala bandarini, linapiga miayo.

"Wewe ndiye merikani?" nikauliza. "Uliyeitwa kwa jina la nchi?"

"Nchi ndiyo iliyoitwa kwa jina langu," likajibu. "Shika ncha uvute."

Nikavuta. Ikatoka kwanza pwani nyembamba ya makoloni, na watu wake wananunua kila kitu kwa majani ya tumbaku. Bwana mmoja akapiga chafya, mali yake yote ikapeperuka. Nikavuta tena. Wenyeji wa asili walikuwa wameketi juu ya kitambaa, na kila nilipovuta walisukumwa kando. Nikawaomba radhi.

"Vuta tu," likasema jora. "Radhi utaomba mwisho."

Sasa sindano kubwa inayotoa moshi inashona reli, kutoka bahari moja mpaka nyingine. Viwanda vinaota kandokando ya mshono. Hisa zinapanda ngazi, na kwa kuwa hakuna aliyezifundisha kushuka, zinaanguka zote kwa pamoja. Mabwana wenye kofia nzuri wanapanga foleni ya supu. Ngazi inasimamishwa upya. Mwishoni kabisa yakatoka marobota ya mitumba, yameandikwa jina la mtaa wangu. Nikayatambua. Ndiyo yaliyonimalizia wateja.

"Basi nikatie sanda ya mama yangu," nikasema.

"Nimebakiwa na kipande cha kumtosha mtu mmoja, nacho si changu. Muulize aliyenichuma."

Hapo hapo nikawa katikati ya shamba la pamba, jua kali, kipande kile begani. Mama mmoja mweusi alikuwa anachuma bila kuinua kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Naitwa Dina. Umefuata nini?"

"Kitambaa cha sanda."

"Na mimi nangojea hicho hicho," akasema. "Kila uzi wa jora lile umepita mikononi mwangu, na mimi mwenyewe nilizikwa na gunia. Linawasha. Tangu siku ile sijapata usingizi."

Nikamwambia tuchume pamoja, tupate cha kuwatosha wote wawili. Tukachuma. Gunia lilipojaa lilisimama lenyewe, likaenda kupanda treni, wala halikuaga.

"Huo ni mkono usioonekana," akasema Dina. "Siku zote unachukua, na hata kucha zake sijawahi kuziona."

Tukachuma tena. Gunia likaondoka tena. Mgongo ulikuwa unaniuma, na Dina aliendelea kuchuma bila kulalamika, na hilo ndilo lililonishinda. Nikakishusha kipande begani, nikampima kwa mkono wangu kama ninavyowapima wateja, nikamvika. Kilimtosha mpaka kwenye vidole vya miguu.

"Na mama yako?" akauliza.

"Sijui," nikasema.

Akajilaza kati ya matuta, na kabla sijakitandaza vizuri alikuwa anakoroma. Nikakaa kando yake nikalia. Nilikuwa nimempa mgeni sanda ya mama yangu, na sikuwa na pa kwenda kutafuta nyingine.

Nilipoamka kulikuwa kumekucha. Nikampelekea mama chai kitandani. Badala ya kupokea kikombe akanishika mkono, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Vidole vyangu vilikuwa vimekwaruzwa kote, pembeni mwa kucha mna damu iliyokauka.

"Sindano haikwaruzi hivi," akasema.

Nikataka kuuvuta mkono, akaukaza.

"Hii ni mikwaruzo ya maganda ya pamba. Nimeichuma pamba ya wazungu tangu sijaota meno ya ukubwani, hunidanganyi." Akapitisha kidole kwenye damu ile kavu. "Siwema, umenitafutia mpaka shambani?"

"Nilikosa, mama."

Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaupuliza kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mtoto.

"Basi hata nailoni nitavaa," akasema. "Nenda kalale, mwanangu."