Shati la Papa Élisée

«Na kama ungekufia pale ku ngazi, Papa Élisée, nani angeulizwa? Ni miye. Police wangekuja kugonga kwangu, alors niwaambie nini? Kwamba muzee alikataa kufunguliwa shimizi?»

«Sikukufa.»

«Hukukufa juu Mungu alikuwa na mambo mengine ile siku.»

Maman Rolande alikuwa amesimama juu ya ngazi, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika mwiko, na Papa Élisée alikuwa chini yake na mkate kwapani, hana pa kupita. Nyumba yenyewe ni mojawapo ya zile nyembamba za Schaerbeek, hapa Brussels, ngazi kama koo la kuku. Wawili wakigombana hapo, wa tatu husubiri barabarani. Mlango wa ghorofa ya chini ulikuwa wazi kama kawaida, maana Jamila, Mrundi wa Buyenzi, hajapata kufunga mlango watu wakiwa wanagombana.

«Watu ya ambulance walikuja na machine yao,» Rolande aliendelea, «wanataka kukuwekea ile vidude ku kifua, na weye umeshika kola ya shimizi na mikono mbili kama bibi-arusi. Kijana wa watu anakubembeleza, monsieur, monsieur, macho yako imegeuka nyeupe, lakini kola hauachi. Sasa uniambie, chini ya ile shimizi kuko nini? Ulichora jina ya mwanamuke?»

«Itakuwa jina refu,» Jamila alisema kutoka chini. «Lingekuwa fupi angeshatuonyesha.»

«Maman Rolande, niache nipite.»

«Utapita. Lakini mardi tunaenda wote ku hôpital. Nimeshaongea na Nathalie.»

Hapo Papa Élisée akahamishia mkate kwapa la pili. Nathalie ni binti yake, anakaa Liège na watoto wake, na tangu siku ile baba yake alipoanguka ngazini, Rolande alikuwa anampigia simu kuliko baba mwenyewe. Mzee akapita ubavuni mwa mwiko, akaingia kwake. Nyuma yake alimsikia Jamila akisema, si kwa kunong'ona, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Tuseme kweli: hakuwa anaogopa kufa tu. Daktari alikwisha kumwambia waziwazi. Kuna mlango mmoja wa moyo haufungi vizuri, lazima utazamwe kwa mashine ndipo ijulikane kama unatengenezeka, na usipotazamwa, siku moja ataanguka asiinuke. Akapewa rendez-vous, yaani miadi, akaikimbia, akisingizia mafua. Akapewa nyingine. Safari hiyo alifika hadi mlangoni mwa hospitali kule Woluwe, akaona mzee mwenzake anatoka na shati limefungwa upande upande, akageuka na kurudi na basi lililomleta.

Alichokuwa anakificha ni chale, mistari mifupi ya wembe katikati ya kifua.

Mwaka wa sitini na nne, waasi walioitwa Simba walipoushika mji wa Uvira, waganga wao waliwapanga vijana wa mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, wakawachanja na kuwapaka dawa nyeusi ili risasi zigeuke maji. Élisée alikuwa na miaka kumi na miwili. Hakuuliza wala hakuulizwa. Alichota maji, alibeba kuni. Bunduki aliishika mara moja, akaambiwa airudishe. Redio ilisema hao ni wakomunisti, naye akadhani komunisti ni kabila, labda watu wa upande wa milimani. Baadaye sana ndipo alipoelezwa hadithi ya wakubwa: Waamerika upande huu na ndege zao, Warusi na Wachina upande ule na bunduki zao na vitabu vyao, na katikati watu wa Uvira wanatafuta chumvi. Mrusi wa kwanza kumwona kwa macho alimwona hapa Brussels, mama mmoja kwenye duka la mashine za kufulia, na waligombania kikaushio.

Lakini askari wa serikali waliporudi, pamoja na wazungu wao wa kukodiwa, hawakuuliza habari za Mrusi. Waliweka kizuizi barabarani na kusema neno moja: vua. Aliyekutwa na chale hakuendelea na safari. Mama yake Élisée alimvika gauni la dada yake, akamfunga kitambaa kichwani, akamvusha mto Ruzizi hadi Burundi akimkaripia njia nzima kama msichana mvivu. Walipofika alichukua uzi na sindano, akamwongezea kifungo cha juu kwenye kila shati. «Hii haitaonekana na muntu,» akasema. Na haikuonekana. Mke wake tu, Mungu amrehemu, ndiye aliyeziona, akaambiwa ni dawa ya kifafa cha utotoni.

Kisha alipokuja huku kama mkimbizi, aliulizwa kupitia mkalimani kama amewahi kuwa pamoja na watu wenye silaha. Akasema hapana. Wakampa karatasi, na tangu siku hiyo hakuacha kuwaza kwamba aliyekupa ndiye anayeweza kukunyang'anya. Isitoshe, Wabelgiji wanazijua chale zile. Wao ndio walioshusha askari kwa miamvuli kupigana na waliochanjwa. Kichwani mwake daktari yeyote wa Kibelgiji alikuwa amefundishwa na baba yake kuzitambua. Na mwaka huu televisheni ndiyo ilimmaliza: Warusi asubuhi, Warusi jioni, vindege visivyo na rubani juu ya uwanja wa ndege, majasusi wanatafutwa. Kila waliposema kuna watu wa Mrusi ndani ya nchi, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kola.

Hofu ya pili ilikaa mlango wa pili.

Rolande ni wa Uvira pia, na hupika kama mwenye harusi. Kila akiepua, sahani moja inafunikwa na kupelekwa kwa Papa Élisée, naye hairudishi tupu. Ataweka kopo la nyanya, au sabuni, au machungwa. Ila ndani kwa Rolande mzee hakuwahi kuingia, miaka yote hiyo. Mlango ukiwa wazi, huonekana picha ya zamani juu ya kochi, kijana aliyevaa shati jeupe, na Papa Élisée hupita akitazama viatu vyake. Kijana huyo ni Mjomba Polycarpe, kaka wa mama yake Rolande, aliyekuwa karani wa kiwanda cha sukari, na habari zake zinajulikana hadi Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, maana Rolande anasuka nywele katika Galerie d'Ixelles na mteja wake hana pa kukimbilia. Simba walimsimamisha, waliona miwani yake, wakasema huyu ni kibaraka wa Waamerika, wakamuua. Siku nyingine walimsimamisha sokoni, siku nyingine darajani, inategemea foleni ya wateja. Mwisho wake haubadiliki. «Nikipata mumoja yao,» husema huku akivuta nywele za mtu, «nitamupikia vizuri, halafu nitamutemea mu sahani.»

Papa Élisée amekula sahani nyingi za mwanamke huyo. Kila moja aliitazama kwanza.

Jumanne ikafika. Rolande alivaa kitenge cha kanisani, akamshika mzee mkono kama anampeleka kuandikishwa shule, na ndani ya basi alisema habari za kila mtu. Papa Élisée aliitikia bon, donc, eh. Kichwani alikuwa anapanga: nitamwambia abaki nje. Nitasema ni kifafa. Nikiulizwa kifafa gani, nitasema mama yangu ndiye aliyejua.

Rolande akakubali kubaki kwenye korido, ingawa alikubali kwa mdomo uliokunjwa.

Nesi alikuwa binti mdogo, nywele amezipaka rangi ya bluu. «Torse nu, monsieur,» alisema, yaani abaki kifua wazi. Vifungo vya chini vilitii. Cha juu kikamshinda. Masikioni alisikia lile neno moja la kizuizini. Binti akasogea, akakifungua kwa vidole viwili, akiwa anazungumza habari za mvua.

Basi shati likatoka. Papa Élisée akalala, akafumba macho, akangoja swali.

Binti alizitazama chale. Alizitazama hasa, kwa sababu alitafuta mahali palaini pa kubandika kile kidude chake. Akakibandika pembeni. Akapaka ute wa mashine.

«Unasikia baridi?»

Hilo ndilo swali alilouliza, na jibu la kifafa alilobeba mzee likakosa kazi. Badala ya kupumzika, mwili ukaanza kutetemeka, miguu, mikono, hata meno. Mashine ikapiga kelele. Binti akaingiwa na wasiwasi, akafungua mlango na kumwita mama aliyekuwa nje, akidhani ndiye mke: aje amshike mumewe mkono, labda atatulia.

Rolande aliingia kwa haraka ya mtu aliyekuwa ameegemea mlango. Jicho lake likaanzia usoni kwa mzee, likashuka, likasimama katikati ya kifua. Likakaa hapo.

Alimshika mkono kwa sababu ameambiwa amshike, na muda wote uliobaki aliutazama ukuta.

Daktari alikuja kueleza. Mlango wa moyo unatengenezeka, mzee asiogope, ila arudi Jumatatu alazwe. Papa Élisée alikubali kila kitu, upesi upesi, kama mtu anayekubali ili aachwe. Moyoni alikwisha kuamua kwamba hatarudi. Arudi na nani, na kwa chakula cha nani, wakati leo jioni habari itakuwa Galerie, kesho kanisani, keshokutwa kwa Nathalie? Kuna vifo vya kuanguka ngazini, na kuna vya kuonyeshwa kidole. Yeye alikuwa anachagua ngazi.

Katika basi la kurudi Rolande hakufungua mdomo. Watu wengine hununa ukajua wamenuna. Rolande akinyamaza ni kama friji iliyozoea kunguruma imezimika, nyumba nzima inashtuka. Mzee alihesabu kila ishara ya uso wake na hakupata jumla. Akafunga kifungo cha juu, ingawa kilikuwa kimefungwa.

Jamila alikuwa mlangoni pake, ana bakuli la maharage anayachambua.

«Eh, wagonjwa. Wameona nini?»

Papa Élisée akashika nguzo ya ngazi.

«Moyo,» Rolande akasema. «Nini ingine wangeona? Wameona moyo.»

«Na jina la mwanamke?»

«Hakuna jina. Mafuta tu ya uzee. Chambua maharagi yako.»

Akapanda. Papa Élisée akamfuata nyuma polepole, pumzi fupi, haelewi. Huyu mwanamke aliwahi kutangaza bawasiri ya pasta. Leo ana habari ya moto mkononi na ameifunika.

Mbele ya mlango wake Rolande alisimama, ufunguo mkononi, hakufungua.

«Ulikuwa na miaka ngapi?»

Jibu la kifafa likaja hadi ulimini. Mzee akaliona limechakaa.

«Kumi na mbili. Walituchanja wote, avenue nzima. Maman Rolande, sikugusa muntu. Nilichota maji tu.»

«Siulizi ulifanya nini.» Aliugeuza ufunguo kwenye vidole. «Mjomba Polycarpe alikuwa na kumi na tisa.»

Papa Élisée akainamisha kichwa kungoja yanayofuata.

«Haikuwa Simba,» Rolande akasema. «Simba walimuchanja, kama weye. Walikuta kijana anajua kuandika, wakamuchukua. Ni askari ya serikali walimusimamisha ku daraja, wakamuambia avue. Bibi yangu alikuwa nyuma yake na kikapo. Aliona.»

Chini, maharage yaliacha kuanguka bakulini. Rolande akashusha sauti, jambo ambalo halijawahi kuonekana katika nyumba ile.

«Sasa ukisema askari ndio wamemuua, watauliza: juu ya nini? Juu alikuwa komunisti. Na mama yake? Na dada zake? Donc bibi akasema ni Simba. Alilia kwa Simba, tukazika kwa Simba. Maman yangu aliniambia ukweli siku anakufa, tena akasema nisiufungue. Basi miye nikachukua ile uongo, nikaongeza miwani. Hakuwa na miwani, Papa Élisée. Utaona mwenyewe ku picha. Ana shimizi imefungwa mpaka huku, kama yako.»

Alijigusa kooni. Mzee naye akajikuta amejigusa.

«Na ile maneno ya kutema mu sahani,» alisema, kwa sababu hilo ndilo lililomkaa moyoni.

«Ni ya wateja. Wanapenda.» Akamkazia macho. «Ulikuwa unafikiri natema?»

«Nilikuwa naangalia kwanza.»

Kitu fulani kikamtingisha Rolande mabega, kicheko au kilio, hakikufika mdomoni. Kisha akaingiza ufunguo na kusukuma mlango. Harufu ya samaki wa mukeke wa jana na mafuta ya mawese ikatoka, na juu ya kochi kijana wa shati jeupe alikuwa anawatazama wote wawili.

«Lundi tunarudi kule,» alisema. «Na ukilia tena kwa yule mutoto wa nywele bleu, nitamuambia sikujui. Leo sahani haitoki hapa, bugali inapoa ku ngazi. Ingia, tule. Na fungua hiyo kifungo, ndani kuko joto.»