Kikao cha Saa Tatu

Mimi Ragneda, yule wa fidla ya umeme mnayemwona kwenye televisheni akirukaruka na buti nyeupe, akipiga muziki wa makanisani kwa ngoma za roki, niliipata Minsk kwa uongo. Nasema mapema, maana nimechoka kupigiwa makofi.

Kwetu Belarusi, serikali ikikusomesha bure, ukihitimu inakupangia kazi miaka miwili. Mwaka wetu wapiga fidla tulikuwa wawili, mimi na Stefa, na nafasi mbili: orkestra ya Minsk, mji mkuu, na shule ya muziki ya Staraselye, huko kijijini kwenye mashamba ya viazi. Anayeongoza darasa huchagua kwanza, na Stefa aliniacha mbali, hilo hata mimi nilijua. Asiyefika kwenye kikao cha kugawa nafasi huchukua kilichobaki. Kikao kilikuwa saa tatu asubuhi. Nilitumwa bwenini nimpe habari, nikamwambia saa nane mchana.

Miaka kumi na tisa baadaye, Staraselye wakanialika kwenye sherehe ya mavuno. Ningeweza kukataa. Nikaenda, nikijidanganya kwamba nikimwona Stefa anaishi vizuri, moyo utatulia.

Nilimkuta nyuma ya jukwaa amepanga wanafunzi wake kumi na wawili, fidla mikononi, saa nzima kabla ya zamu. Wimbo wa mwisho, saa kumi na moja, walikuwa wapige na mimi.

"Shoga, mbona mapema hivi? Watoto wataganda."

"Wamezoea." Alicheka, akanipa draniki, chapati ya viazi, ya moto kwenye karatasi, inachuruzika mafuta. "Kwangu mimi ukija kwa wakati umechelewa. Kila mwaka nawasimulia nilivyoikosa Minsk kwa uzembe. Si unakumbuka? Wewe uliniambia vizuri, mimi kichwa maji nikachanganya saa. Mama amekufa ananiita mzembe."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Hukuchanganya, Stefa. Nilikwambia saa nane makusudi. Niliitaka ile nafasi."

"Rudia."

Nikarudia. Alitazama saa yake ya mkononi muda mrefu, kana kwamba hajui kuisoma.

"Mama alipokufa ulituma maua," akasema polepole. "Maua, Ragneda. Ungetuma hayo maneno, angekufa ananijua."

Nilianza kusema nisamehe. Alininyamazisha kwa mkono, akaondoka kuelekea kwenye vibanda vya wauzaji.

Saa kumi na moja nikaitwa. Uwanja ulikuwa umejaa, watoto nyuma yangu wameshika pinde tayari, mwalimu wao hayupo. Fundi wa sauti akaniuliza kwa ishara kama aanzishe. Nikamkatalia.

Dakika ya tano watu wakaanza kupiga miluzi. Watoto walinong'onezana kwamba mwalimu Stefa hajawahi kuchelewa, labda anaumwa. Mimi nilisimama pale na buti zangu nyeupe, sina pa kuficha uso, na nilistahili.

Dakika ya kumi akatokea pembeni mwa uwanja, anatafuna mbegu za alizeti, anatembea taratibu kama mtu aliyetoka sokoni na hana anayemsubiri. Mkononi hakuwa na saa. Akapanda jukwaani, hakuomba radhi, hakuniangalia. Akainua mkono, na watoto wakaanza kupiga bila mimi.