Mbeba Chupa wa Tenke

Mimi ni mtu wa hasira. Nasema mapema ili asije mtu akalalamika baadaye. Mwaka wa hamsini na tisa hasira hiyo ilikuwa na sababu, maana nilikuwa na miaka thelathini na minne, Badibanga mwana wa Kasai, ninayesoma na kuandika Kifaransa, na kazi yangu ilikuwa kubeba chupa ya maji porini.

Si maji ya kunywa. Chupa ilizungushiwa waya wa shaba mara mia kadhaa, ikafungwa kwenye ncha ya fimbo iliyonizidi urefu, na waya mwingine mrefu ukatoka hapo hadi kwenye kisanduku cha Mzungu wetu. Tulimwita Bwana Chupa. Alifika Kolwezi na mashini hiyo kuitafutia shaba kampuni moja, tukaanza pori la Mashamba, miezi ikapita, tukafika upande wa Tenke. Mimi natembea hatua thelathini, nasimama. Bwana Chupa anafungua umeme, anaukata, anasikiliza, anaandika. Nasogea thelathini nyingine. Kutwa ni hivyo.

Siku ya kwanza nilimwambia sibebi kitu nisichokijua, naye, kwa kweli, akanieleza. Ndani ya maji mna sumaku ndogo ndogo zisizoonekana, nyingi kupita hesabu, kila moja na upande wake. Umeme ukipita kwenye waya, zinageuka zielekee pamoja. Umeme ukikatwa ghafla, sumaku ya ardhi yenyewe inazivuta, lakini hazirudi moja kwa moja. Zinazunguka zikiyumba, kama pia ya watoto inapokaribia kuanguka. Kuyumba kwao kunatia umeme kidogo kwenye waya uleule, na aliyevaa vile vya masikioni anasikia mluzi mwembamba unaofifia mpaka unakwisha. Ardhi ikivuta zaidi, zinayumba mbio zaidi na mluzi unapanda. Tofauti ni ndogo mno kwa sikio la mtu, kwa hiyo kisanduku ndicho kinachohesabu.

"Na mayi ya mu tumbo yangu?" aliuliza Kyungu. "Yenyewe inapigaka mluzi?"

Kyungu alikuwa mchimbaji wetu, mwenyeji wa huku huku, mkubwa kwangu, nami nilimwita yaya, yaani kaka. Bwana Chupa alicheka, akasema maji ni maji, ungeingia ndani ya waya ungelia kama chupa. Akasema huko Ulaya wanatia dawa na mafuta kwenye vichupa vidogo katikati ya sumaku kubwa, na kwa jinsi sumaku zile ndogo zinavyojibu wanajua kitu kimeundwa na nini bila kukiharibu.

"Basi banitiye mu waya," Kyungu akasema, "baone kifua yangu iko na nini."

Tulicheka, ingawa sote tulijua iko na nini. Alikuwa amekula vumbi la mgodini miaka kumi na mmoja, na aliomba kazi ya porini ili apumue. Alipenda kunitania. "Ninyi bantu ya Kasai munasoma kitabu yote, kisha munabeba mayi sawa banamuke." Nami nilimjibu kwamba mwanamke wa kwao asingekubali kubeba tone moja bila kulalamika siku nzima.

Adui wa mashini alikuwa chuma. Msumari wa kiatu, kisu, kifungo cha mkanda, kitu chochote cha chuma karibu na chupa kinadanganya hesabu. Kwa hiyo mbeba chupa alivaa raba za turubai na kujifunga suruali kwa kamba, na jetoni yake aliiacha kambini. Jetoni ni kile kibati cha chuma chenye namba ya mfanyakazi. Bila jetoni hupewi posho Jumamosi, na polisi akikukamata barabarani huna unachomwonyesha, wewe ni mtoro. Wanaume wenye akili timamu walilala nayo shingoni. Aliyebeba chupa kabla yangu aliificha kwenye nywele chini ya kofia, ramani ya siku tatu ikaharibika, akafukuzwa. Tangu hapo hesabu ikiyumba, jambo la kwanza Bwana Chupa alilofanya ni kututazama kwa jicho la kutushuku wizi. Nilichukia jicho lile kuliko jua.

Asubuhi moja ya kiangazi, saa tatu hivi, mluzi ulikufa. Nilikuwa nimesimama palipo tambarare, hapana mwamba, hapana kitu, na mluzi unakatika kabla haujaanza. Bwana Chupa akanikagua, hakukuta kitu. Akasema chini kuna chuma kikubwa. Kumbe palikuwa na shimo la watafutaji wa zamani, limefunikwa na majani, na chini yake njia mbili, moja ya kulia, moja ya kushoto. Kyungu aliteremka na taa, akapiga kelele kwamba kuna gari la kusukumia mawe, zima, limeota kutu. Bwana Chupa akataka litolewe kwa sababu linamharibia ramani. Kapita wetu, yaani msimamizi wa kazi, Polycarpe, mtu wa buti za misumari na vifungo vinavyong'aa, akanionyesha kidole: "Badibanga, teremuka umusaidie."

Niliweka chupa chini, nikateremka. Nilikuwa sina chuma hata cha sindano mwilini.

Tulilisukuma lile gari mara mbili tu. Mara ya pili boriti iliyokuwa juu yake ikavunjika. Kyungu alinivuta kwa kamba ya suruali, tukakimbilia njia ya kushoto, na nyuma yetu dari yote ikashuka. Taa ilizimika. Vumbi likatuziba pua na koo, na nilidhani sitapumua tena.

Lilipotulia nilipapasa. Mbele ukuta. Nyuma udongo na mawe. Urefu wa mahali pale hatua sita, upana mikono miwili, na juu nilifika kwa ncha za vidole nikinyoosha mkono. Hatua sita, na watu wawili.

"Yaya, uko muzima?"

"Niko. Jiwe inanipiga mu mbavu."

Tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Kisha tukasikia vishindo vya majembe, mbali, upande wa kulia, kulikobaki gari. Mwanzoni nilifurahi. Halafu nikaelewa, nikaketi. Bwana Chupa alijua gari liko wapi kwa sababu mashini inasikia chuma, na alidhani tumelala kando yake. Kila walivyochimba kule, udongo wa dari yetu ulituangukia kichwani.

"Ile mashini inasikia chuma, haisikie mutu," nilisema. Niliona uchungu mkubwa. Mwaka mzima nilijivua kila kitu kwa ajili yake, na sasa hapakuwa na mtu katika Kongo nzima ambaye ingemkosa kirahisi kama mimi. Tulikuwa chupa mbili za maji zisizo na waya.

Kyungu alikohoa kwanza, ndipo akasema, "Lakini huku kuko chuma. Minakaa juu yake."

Vilikuwa vipande viwili vya reli ndogo ya gari lile, kila kimoja kama kimo cha mtu, vizito. Nilivipapasa, akili ikaanza kurudi. Mzungu akichoka kule kulia atatafuta huku. Atapitisha chupa. Lakini ataona chuma tu, na atasema ni takataka nyingine ya zamani. Tungefanya nini ajue kuna watu?

"Tutasimamisha," nikamwambia. "Tunahesabu mia, inasimama. Tunahesabu mia, inalala. Reli ikisimama mashini inasikia ingine, ikilala inasikia ingine. Chuma ya kufa haitembeake."

"Kama inatembea, kuko mutu," akasema Kyungu. "Kweli munasomaka bitabu."

Tukaanza. Yeye reli yake, mimi yangu. Tunasimamisha, tunaegemeza ukutani, tunahesabu. Tunalaza, tunahesabu. Nilimwambia aniachie zote mbili, akakataa, akasema reli moja ni sauti ndogo. Vishindo vya kulia vilikoma, na hapo kimya kikatubana kuliko udongo. Hatukujua kama chupa iko juu yetu au wamekwenda kula. Tulisimamisha chuma gizani kama vichaa, na hewa ikawa nzito na yenye ladha ya kutu. Nilihesabu kwa sauti ili nisilie. Katikati ya hesabu ya kumi na nne nililia hata hivyo.

Kifua cha Kyungu kilianza kupiga filimbi. Kwenye mara ya ishirini reli yake haikusimama. Nilimwita. Alisema, "Endelea, mi nitahesabu." Alihesabu mpaka arobaini na kitu, taratibu, halafu sikumsikia tena. Niliisimamisha yangu, nikaisimamisha yake, nikazilaza. Sikwenda kumpapasa. Niliogopa, na nasema wazi niliogopa.

Vishindo vilipoanza juu ya kichwa changu nilikuwa kwenye mara ya thelathini na moja. Kwanza waliingiza bomba, ikaja hewa, kisha mwanga, kisha mkono. Jua lilikuwa limeshaelekea magharibi. Walinitoa mimi, wakamtoa Kyungu, wakamlaza chini ya turubai ya Bwana Chupa, na daktari wa Tenke alipofika alivua kofia tu.

Bwana Chupa alikaa juu ya kisanduku chake ameshika kichwa. Daftari lake lilikuwa wazi majanini, nami nilisoma, kwa sababu nimesema najua kusoma. Aliandika kila hesabu na saa yake, kama kawaida yake. Saa saba na dakika kumi, mahali pale pale, hesabu juu. Dakika tatu baadaye, mahali pale pale, hesabu chini. Juu. Chini. Juu. Pembeni ameandika kwa Kifaransa: *mbebaji ana chuma*. Mistari ilijaa ukurasa na nusu. Kuchimba upande wetu kulianza saa nane na nusu. Nilijaribu kukumbuka Kyungu alifika wapi kwenye saa nane na nusu, nikaacha, kwa sababu nilijua.

Mbebaji alikuwa Polycarpe. Wengine wote walikuwa na majembe mikononi, yeye peke yake alikuwa mikono mitupu. Siku ya tatu baada ya maziko alinikuta nyumbani kwangu, sité, mtaa wa wafanyakazi wa Kolwezi, akakataa kiti.

"Tata Badibanga," akasema, "Mzungu alinivulisha nguo. Buti, shati, suruali, yote. Nilisimama uchi mbele ya bantu yangu, na chupa mu mukono. Hesabu inaendelea kuyumba. Ananiuliza, uko na chuma? Minaapa kwa Mungu, mi sina."

"Nimesoma," nilimwambia. "Hakukuamini. Hawatuamini. Na mtu akifa kwa hilo wanaandika saa."

"Hapana," akasema. "Mi nilikuwa nayo. Jetoni. Ndani ya shavu."

Akagusa shavu lake kwa kidole.

"Nilizania ni mi. Kila mara hesabu inayumba, nilizania ni mi njo ninaiharibisha, kwa sababu ninageuza ulimi. Yeye anauliza kama ni bantu beko chini banatikisa kitu. Aliuliza ivi, Badibanga. Mara mbili. Kama kinywa yangu ilikuwa bure, ningemujibu ni bo, ni bantu, chimba. Lakini nilijua chuma iko mu kinywa. Nikanyamaza. Ile Jumamosi ilikuwa posho, na niko na batoto saba. Mwisho nikaitema mu majani, ye hakuona. Akapima tena. Ikayumba vilevile. Njo hapo nilipiga kelele."

Mimi ni mtu wa hasira, na mkono wangu ulikuwa umeshainuka. Alifunga macho akingoja, kapita mzima. Nilimchukia siku hiyo. Lakini nikajiuliza jambo moja: kama ningekuwa mimi juu na yeye chini, na jetoni yangu ingali mkononi, ningeiweka wapi? Mkono ukashuka wenyewe.

"Nani mwingine anajua?"

"Hapana mutu."

"Mke wa Kyungu anaambiwa mumewe aliuawa na udongo."

"Ndiyo."

"Nenda ukamwambie."

Alianza kusema juu ya watoto, nikamwambia asinitajie watoto, hata Kyungu anao. Nikamwambia aende kwa miguu yake, na asipokwenda kabla ya jua kutua nitakwenda mimi, nami nitasema vibaya zaidi.

Alikwenda. Nilimfuata kwa mbali hadi kona ya barabara yao. Mama Elise, mke wa Kyungu, alikuwa mbele ya mlango akipepeta unga wa chakula cha kilio, wanawake wawili kando yake. Polycarpe alipiga magoti kwenye vumbi na vifungo vyake vyote, akaongea muda mrefu akitazama chini. Ungo ulisimama mikononi mwa yule mama. Sikusikia neno, lakini niliona alipofika kwenye lile neno lenyewe, jetoni, kwa sababu Mama Elise aliweka ungo chini taratibu, akamshika kidevu, akamfunua kinywa kama mtu anayemtafutia mtoto mwiba wa samaki kooni, akachungulia ndani.