Mshumaa wa Radoje

Hii ilikuwa mara ya tatu Desanka kuketi kwenye benchi lile la mahakama, na mara ya tatu kuulizwa mumewe alivaa nini siku aliyopotea. Koti la kijani. Buti za mpira. Alipanda mlimani kutafuta uyoga, miaka kumi na moja sasa, wala hata kikapu chake hakikuonekana.

Hakutaka makubwa. Alitaka mahakama itamke kwamba Radoje amekufa, ili padri amsomee sala ya maziko. Bila karatasi padri alikataa katakata. "Mtu aliye hai simziki, dada yangu."

Kando yake alikaa mama mkwe, Stamena, ameukumbatia mkoba wake. Njia nzima hawakusemezana. Desanka alijua moyoni kwamba kikongwe amekuja kumpinga.

Hakimu alipiga mwayo, akafuta miwani. "Wewe mwenyewe unaamini amekufa?"

"Naamini, mheshimiwa."

"Na kanisani, mshumaa wake unauwasha wapi?"

Nani asiyejua? Kanisani mwao walio hai huwashiwa mshumaa juu, wafu chini, kwenye sanduku la mchanga.

"Juu," Desanka akasema. "Kila Jumapili. Nikiuweka chini, si nitakuwa nimemuua mimi?"

"Kumbe unataka tumuue sisi," hakimu akasema, bila ukali.

Hapo Stamena akainuka, magoti yakalia.

"Kaa, bibi, hujaitwa."

"Nimekaa miaka kumi na moja, mwanangu, mpaka makalio yameota sugu. Mimi ndiye niliyemzaa. Mshumaa wangu nauweka chini tangu msimu wa tatu wa theluji. Naenda Jumamosi, ili huyu asinione. Nilihofu akijua ataanguka."

Desanka akamgeukia. "Mama! Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma: Radoje ahesabiwe amefariki. Karani akagonga mhuri, akaita kesi nyingine.

Walipitia kanisani. Desanka aliwasha mshumaa, na mkono ukaenda juu wenyewe, kwa mazoea. Stamena akamshika kiwiko, akaushusha mkono ule polepole hadi mchangani.

"Hapo. Mungu ampumzishe." Akajipangusa macho kwa ncha ya kilemba. "Ngano ya kugawia watu wakimwombea nitaichemsha mimi. Wewe kalale, mwanangu. Umechoka."