Mpira Kwenye Kifundo

Sisi madereva wa pikipiki wa Kasongo tunajifunga kifundo cha mkono wa kulia kwa utepe uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa gurudumu. Njia ya Kabambare ni mashimo matupu, na tunasema mkono usiofungwa huachia usukani. Mimi nilikaza kuliko wote.

Mwaka huu kidole gumba na viwili vinavyokifuata vilianza kufa ganzi. Nikakaza zaidi. Karibu na Lusangi nilivuta breki na sikujua kama nimeishika. Tukaangukia tope, mimi, mama niliyempakia na kuku wake. Kuku alikimbia. Mama alinitukana hadi Kabambare.

Kwenye kituo cha pikipiki cha huko, dereva mwenzangu Moussa alicheka. "Bakari, mukono umekukataa. Oa mwingine!"

Sikucheka. Bila mkono huo sina kazi, na nyingine siijui.

Nilienda kwa Dieudonnée, muuguzi wa hapo Kabambare. Aliniambia nikunje vifundo, migongo ya mikono ikutane, nisubiri. Ganzi ikaja upesi.

"Na kidole kidogo?"

"Hicho iko kizima."

"Basi si ulozi, Papa Bakari." Akanigusa chini ya kiganja. "Hapa kuna njia nyembamba. Kano za vidole zinapita humo pamoja na mushipa wa fahamu wa hivyo vidole vitatu; kidole kidogo kina wake. Kano zikivimba, mushipa unabanwa. Kushika pikipiki inayotikisika kutwa nzima kunazivimbisha. Na hii mupira, nani alikufunga?"

"Mimi."

"Basi ni wewe unajinyonga mukono."

Akaukata mpira kwa mkasi. Akanifunga kibao cha kunyoosha kifundo, nilale nacho, na pikipiki niiache kwanza. Akalinganisha nyama iliyo chini ya vidole gumba vyangu. "Bado iko. Ikiisha, hairudi. Kibao kikishindwa, utapasuliwa."

Nilimpa mdogo wangu Nourdine pikipiki, nikakaa nyumbani hadi mahindi yakavunwa. Sasa nafunga vifungo vya shati bila kuangalia.

Jana nilienda kituo chetu cha Kasongo kuichukua pikipiki. Nourdine alikuwa na mpira kifundoni, umekazwa hadi nyama imevimba pembeni.

"Toa hiyo."

"Yaya, kaka yangu, njia iko mubaya."

"Vidole vinalala?"

Alivikunja, akavikunjua. Nikatoa kisu, naye akauleta mkono. Nyuma yake Moussa aliuingiza mfukoni mkono wake wenye mpira.