Joto la Kitanda Namba Tisa

Hakuna mtu hapa mjini anayeusoma mwandiko wa wauguzi wa zamani kunizidi. Sijisifu, ni ukweli. Na ukweli mwingine ni kwamba tuliokuwa tukiusoma tulikuwa watano; watatu wameshazikwa, na wa nne macho yameingia ukungu, ukimpa karatasi anainusa. Kwa hiyo ubingwa nimeupata kwa kubaki.

Mimi sikuwa muuguzi, nalisema mapema kabla hajalisema mwingine. Nilikuwa mhudumu wa wodi ya wanaume, miaka thelathini na mmoja: kudeki, kutandika, kumwaga vyombo vya haja, kubeba maiti na kubeba lawama. Shule yangu ni darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nilimaliza kwa mbinde. Lakini wodi ilikuwa na vitanda arobaini na muuguzi mmoja kwa zamu, naye hakuzaliwa na mikono minane. Ndivyo nilivyojua kupima joto, na ndivyo nilivyojua kusoma maandishi ambayo ungedhani kuku kayaparura.

Mwaka huu hospitali ikaamua kuingiza rekodi zake za zamani kwenye kompyuta kabla mchwa hawajazimaliza. Kazi wakampa karani mmoja, mama wa watoto wawili, hodari wa kuchapa, ila kila akifungua daftari la ripoti ya wodi anaona mawimbi tu. Wakanifuata nyumbani. Nikakubali kwa sharti moja, nije na kigoda changu, maana viti vyao ni virefu na miguu ikining'inia najiona nasubiri kunyolewa.

Chumba chetu zamani kilikuwa cha kufulia mashuka. Mabomba bado yamo ukutani, na harufu ya sabuni haijatoka. Mimi nasoma kwa sauti, karani anachapa.

Jumanne moja nilimkuta ameshatoa daftari na kulipangusa.

"Bibi, leo tuanze na wiki hii. Kuna mtu ameiomba."

"Nani?"

"Sijui, ofisini wamenipa tarehe tu."

Kwenye benchi, karibu na mlango, alikaa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mkoba mapajani. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akanyamaza. Chumba cha jirani ni kliniki ya macho na watu hukosea mlango kila siku, jambo ambalo ukilifikiria si la kushangaza. Nikamwacha apumzike.

Daftari lilikuwa la Sista Rula, mkuu wetu wa wodi. Tulimpa jina hilo kwa sababu alitembea wima na hakuandika neno bila kupiga mstari kwanza. Mistari ilisimama, herufi ndizo zilizolala.

"'Ijumaa, saa kumi jioni,'" nikasoma. "'Wagonjwa thelathini na wanane. Kitanda namba kumi na nne amekutwa akivuta sigara chooni, amenyang'anywa. Kitanda namba ishirini analia, hasemi kwa nini. Kipimajoto cha wodi kimevunjwa na mhudumu alipokuwa akikikung'uta. Hakuna kingine. Barua imepelekwa stoo.'"

Karani akaacha kuchapa. "Mhudumu gani huyo mzembe?"

"Unamtazama."

"Bibi! Sasa mkabaki bila kipimajoto?"

"Mpaka Jumatatu. Ngoja nikuonyeshe alivyoniandika." Nikafunua kurasa mbili. "'Jumatatu. Kipimajoto kipya kimepokelewa. Mhudumu asikiguse.'"

Karani alicheka mpaka akapangusa macho kwa ncha ya kanga. Hata yule mama wa benchi akatabasamu. Nami nikajiona fundi wa kuchekesha, nikasoma tena ile ya "asikiguse", mara hii kwa sauti ya puani kama Sista Rula mwenyewe.

Tulipofika mchana, yule mama akasimama, akasogea mezani.

"Dada, ni mimi niliyeiomba hiyo wiki."

"Kumbe! Mbona umekaa kimya saa zote hizo, mdogo wangu?"

"Nilikuwa nasikiliza."

Nikampa kiti cha pili. Akakaa pembeni mwa kiti, kama mtu asiyetaka kukizoea.

"Nimeolewa miaka arobaini na mmoja," akasema. "Mume wangu ni fundi seremala. Ndoa yetu ilikuwa ifungwe Jumamosi ya wiki hiyo. Nimeshavaa, watu wameshakaa, anakuja kaka yake anasema bwana harusi bado amelazwa, homa imempanda tena. Tukarudisha viti vya watu. Ndoa ikafungwa wiki tatu baadaye."

"Si ilifungwa lakini?"

"Ilifungwa. Sasa wiki iliyopita nimegombana na wifi yangu. Jambo lenyewe sufuria. Katika hasira akaniambia, 'Usijitape na ndoa yako. Jumamosi ile nilimwona kaka yangu kwa macho yangu anakata mitaa, mzima, kavaa shati la kaka yetu mkubwa.' Nilipomuuliza mume wangu, anasema alikuwa kitandani, hata jina lake halijui. Mmoja kati yao ananidanganya. Leo siku ya sita niko kwa dada yangu."

"Umehama nyumba kwa jambo la miaka arobaini na mmoja?" karani akauliza, taratibu.

"Mwanangu, kama alinikimbia siku ile akaja kurudishwa na ndugu zake, nataka kujua nimempikia nani muda wote huu. Kama alikuwa anaumwa, nitarudi leo hii nimwombe radhi. Sitaki maneno ya wifi, sitaki ya kwake. Nataka daftari."

Kitanda namba tisa. Nilimkumbuka kabla yule mama hajamaliza kueleza. Nisimkumbuke vipi, na nilikuwa nimekikalia kigoda chake?

Ninyi nitawaambia. Yeye sikumwambia.

Yule fundi aliingia Jumatano na homa ya kweli, thelathini na tisa nukta sita, hiyo niliipima mimi na kipimajoto kikiwa hai. Ijumaa alikuwa ameshapona na anaulizia chakula cha mgonjwa wa pili. Daktari alikuwa amruhusu Jumamosi kwenye raundi ya asubuhi. Basi Ijumaa ile ile akaniita pembeni.

"Dada, nisitiri. Nimeahidi kitanda cha harusi. Mbao ngumu, maua yamechongwa kichwani. Kaka zake bibi harusi wanakuja kukichukua kesho. Nina miguu minne na ubao mmoja. Mimi fundi, nitauweka wapi uso huu?"

"Si uwaambie umeumwa?"

"Nikishatoka hospitali nitakuwa naumwa nini?"

Hapo lazima mjue kazi yetu ilivyokwenda. Kipimajoto kikivunjika, daktari hakukubali chati yenye matobo. Kwa hiyo tulipika. Ndiyo tulivyoita wenyewe, kupika joto. Unachukua namba ya jana, hapa unaongeza kidogo, pale unapunguza. Anayelalamika sana unampunguzia, aliyelala kimya unamwongezea ili daktari amtazame. Sista Rula alijua, na saa hiyo huwa anatazama dirishani. Jumamosi ile aliniachia kalamu. Vitanda vyote nilivipikia kwa kiasi, namba tisa nikamtilia moto: thelathini na tisa nukta mbili. Daktari akasoma, akaguna, akasema abaki.

Saa ya kuona wagonjwa ilipofika, jamaa akavaa shati la kaka yake, akatoka katikati ya wageni, moja kwa moja karakana, akapiga randa mpaka jioni. Wifi hakuongopa. Chini ya blanketi ulilala mto, na mto huo niliuandikia homa mara mbili. Hakukimbia harusi wala bibi harusi. Alikimbia aibu ya ubao mmoja, na akaenda kumtengenezea mkewe kitanda. Baada ya harusi akaniletea kigoda.

Mtasema, si ungemwambia hivyo hivyo? Ningemwambia. Lakini kulikuwa na karani, ambaye neno nikilitamka anachapa bila kuuliza. Na kurasa zote ambazo tayari tumeziingiza? Na kile kilichoko ukutani sebuleni kwangu, cheti cha utumishi wa uaminifu, chenye muhuri na kioo? Nikaona uongo mmoja, tena mdogo, utatutosha watu watatu. Mume atapata mke, mke atapata nyumba, na mimi nitabaki na cheti.

Chati zilikuwa zimebanwa nyuma ya daftari, pini imeota kutu. Nikaivuta ya namba tisa, nikaiweka mbele yake.

"Haya tazama mwenyewe. Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, thelathini na tisa nukta mbili. Saa nane mchana, thelathini na tisa. Saa kumi na mbili jioni, thelathini na tisa nukta moja. Huyu ni mtu wa kukata mitaa?"

Aliweka kidole juu ya namba, akakitoa, akakirudisha. Pumzi ikamtoka, ndefu.

"Aliyeandika nani?"

"Mimi."

"Ulimpima wewe mwenyewe?"

"Nani tena? Nilimwekea kipimajoto kwapani, nikahesabu dakika tatu kwenye saa ya ukutani."

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini mimi nikishaanza kupika natia na viungo.

"Alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinalia, mdogo wangu. Nilipokichomoa nikakisoma mara mbili, sikuamini. Na midomo ilikuwa inalitaja jina lako."

"Masikini," karani akasema.

Yule mama akasimama. Akatia mkoba begani, akaniinamia kidogo kama mtu anayetaka kushukuru. Halafu akabaki hivyo hivyo, ameinama.

"Kipimajoto kipi, dada?"

"Cha wodi."

"Kile ulichokivunja Ijumaa saa kumi, au kile kilicholetwa Jumatatu na wewe ukakatazwa kukigusa?"

Nilisikia bomba la ukutani linadondosha tone, na tangu nifike chumba kile sikuwahi kujua kwamba linavuja.

"Nilisema kipimajoto?" nikasema. "Uzee huu! Nilimshika kipaji cha uso. Sisi wa zamani mkono ulitosha."

"Mkono ukakwambia thelathini na tisa?"

"Kabisa."

"Nukta mbili?"

"Ka... karibu na hapo."

Akaushusha mkoba begani, akakivuta kiti mpaka magoti yake yakagusa kigoda changu, akakaa, safari hii kwa makalio yote mawili.

"Dada," akasema, "hiyo nukta mbili uliipata kwa kidole gani?"